Gari Lililokataa Kuwaka Asubuhi: Uchambuzi wa Kisa cha Filta ya Dizeli Iliyobadilishwa Nyumbani

Gari linalohusika ni Toyota Hilux ya mwaka 2012 yenye injini ya dizeli ya 2KD-FTV, silinda nne, ujazo wa cc 2,494, inayotumia mfumo wa komoni reli, yaani pampu hujaza mafuta kwa presha kubwa kwenye bomba moja (reli) linalolisha nozeli zote, ambazo huyanyunyizia kwenye silinda. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, mzee makini anayependa kushika spana mwenyewe pale kazi inapokuwa ndani ya uwezo wake. Kwa kuwa misitu anakonunua magogo iko mbali na vituo vya mafuta, huweka akiba ya dizeli kwenye mapipa ya lita 200 uani kwake. Kisa kina sehemu mbili zilizofuatana kwa karibu mno hata watu wakazichanganya. Kwanza gari lilikosa nguvu likipanda Kitonga, mzee akabadilisha filta ya dizeli nyumbani, na nguvu zikarudi. Kisha, kuanzia asubuhi iliyofuata, gari likawa haliwaki mpaka lipigiwe stata kwa muda mrefu. Nilipoitwa, mafundi wawili walikuwa wameshalitazama. Mmoja alizilaumu plagi za kupashia joto kwa sababu ya baridi ya Mafinga, na mwingine alipendekeza pampu ishushwe ikapimwe Dar es Salaam.

Nianze na Kitonga, kwa sababu mwinuko ule wa barabara ya Morogoro kwenda Iringa huupima mfumo wa mafuta kuliko mwendo mrefu wa tambarare. Gari lenye mzigo, likiwa kwenye gia ndogo na injini ikizunguka kwa kasi, hudai mafuta mengi kwa wakati mmoja, na filta iliyoziba kwa sehemu, ambayo kule kwenye tambarare ya Mikumi haikuonyesha dalili yoyote, hushindwa kupitisha kiasi kinachotakiwa. Presha ya reli inaposhuka chini ya ile iliyoagizwa na kompyuta ya gari, kompyuta huwasha taa ya injini, huhifadhi namba ya hitilafu na hupunguza nguvu ili kuilinda injini. Ndivyo ilivyokuwa. Mzee aliegesha pembeni, akazima, akawasha tena, akapanda kwa unyonge hadi juu. Namba iliyosomwa baadaye ilikuwa P0087, yaani presha ya reli iko chini mno. Namba hiyo haimtaji mkosaji, kwa kuwa filta iliyoziba, vali ya pampu inayokwama, nozeli inayorudisha mafuta kupita kiasi na hata bomba lililobonyea chini ya gari vinaweza vyote kuiandika. Hata hivyo busara ni kuanza na kilicho rahisi, na hapa kilicho rahisi ndicho pia kilichokuwa na uwezekano mkubwa zaidi: watengenezaji wengi hutaka filta ya dizeli ibadilishwe kati ya kilomita 20,000 na 40,000 kufuatana na injini na mazingira, ilhali mzee hakuweza kukumbuka yake iliwekwa lini.

Kabla ya kuifungua filta ya zamani, alilegeza koki ya chini ya kutolea maji na kukinga kilichotoka kwa chupa ya maji ya kunywa, kisha akaihifadhi chupa hiyo stoo. Ninamshukuru kwa hilo, kwa maana chupa ile ilieleza mengi. Chini kabisa palikuwa na maji yenye rangi ya chai hafifu na chembe za kutu zilizotua kwenye makunjo ya plastiki. Juu ya maji palikuwa na utando mweusi unaoteleza kama ute wa bamia. Na juu ya utando huo ndipo ilipokaa dizeli yenyewe. Maji hukaa chini kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, na utando ule hutokana na vijidudu vinavyozaliana mahali dizeli na maji vinapokutana. Ukiingia kwenye karatasi ya filta huiziba upesi kuliko vumbi. Kwa hiyo uamuzi wa kubadilisha filta ulikuwa sahihi, na hakuna lolote katika uchambuzi huu linaloupinga.

Kazi yenyewe aliifanya kwa utaratibu ambao kwa sehemu kubwa ungemfaa fundi yeyote. Alichomoa kwanza waya wa sensa ya maji iliyofungwa kitakoni mwa filta, jambo ambalo wengi hulisahau na kuzikata nyaya, kwa sababu filta inapozungushwa sensa huzunguka nayo. Alifungua filta kwa spana ya mkanda, akaifungua sensa kutoka filta ya zamani na kuihamishia kwenye mpya, kwani sensa hiyo haiuzwi pamoja na filta. Alijaza filta mpya dizeli kutoka kwenye dumu, akaipaka mafuta ringi kubwa ya juu, akaikaza kwa mkono, kisha akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya kichwa cha filta mpaka ikawa ngumu. Injini ikawaka mara moja. Jioni hiyo alizunguka mjini na kupanda vilima vya karibu, na gari lilivuta kama zamani.

Asubuhi ndipo matatizo yalipoanza. Stata ilizungusha injini vizuri, kwa kasi ya betri nzima, lakini injini haikushika. Ilipigwa tena na tena ndipo ikawaka kwa kutetemeka, ikatulia baada ya muda mfupi, na kutwa nzima ikafanya kazi bila kasoro. Ikizimwa kwa saa moja, iliwaka vizuri. Ikilala usiku, shida ilirudi. Mzee aliongeza jambo ambalo mafundi waliotangulia hawakulipa uzito: siku aliyoegesha kwenye mteremko, pua ya gari ikitazama chini, gari liliwaka kwa afadhali kubwa, na vilevile tangi likiwa limejaa shida ilipungua.

Maelezo hayo pekee yalitosha kuondoa karibu shutuma zote zilizokuwa zimetolewa. Plagi za kupashia joto zikifa, mafuta huingia kwenye silinda lakini hayawaki vizuri, na mtu anayepiga stata huona moshi mweupe ukitoka kwenye ekzosi. Hapa ekzosi haikutoa moshi wowote wakati wa kupiga stata, maana yake mafuta hayakuwa yakifika. Tena plagi haijui kama gari limeegeshwa mlimani au bondeni, wala tangi lina lita ngapi. Nozeli zinazorudisha mafuta kupita kiasi huzuia presha kupanda hata injini ikiwa ya moto, tena mara nyingi zaidi ikiwa ya moto, wakati gari hili likishapata joto halikusumbua hata kidogo. Vali ya pampu inayokwama kwa kawaida hujionyesha pia kwa mngurumo unaopanda na kushuka gari likiwa limesimama, na hilo halikuwepo. Dalili inayotegemea muda wa kulala, mteremko na wingi wa mafuta kwenye tangi inaelekeza kwenye jambo moja: mafuta yanarudi nyuma, kutoka mbele ya gari kwenda tangini, kila injini inapozimwa kwa muda mrefu.

Mafuta hayawezi kurudi tangini bila kitu kingine kuchukua nafasi yake, na kitu hicho ni hewa. Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Katika injini hii hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ndogo ya kuvutia imo ndani ya pampu kubwa ya presha kwenye injini, nayo huyavuta mafuta kutoka tangini kupitia kwenye filta. Filta ipo upande wa kuvuta. Injini inapofanya kazi, presha ndani ya filta iko chini ya ile ya hewa ya nje, na injini ikiwa imezimwa hali hubaki hivyo, kwa kuwa filta iko juu kuliko tangi na uzito wa mafuta yaliyo kwenye bomba huyavuta kurudi chini. Mwanya ukitokea mahali hapo, mafuta hayadondoki. Hewa ndiyo inayoingia. Mafundi wote wawili walikuwa wameinama wakaangalia chini ya filta, wakaiona kavu, wakaiona na ardhi kavu, wakahitimisha kwamba filta imefungwa vizuri na shida iko kwingine. Ukavu ule haukuthibitisha chochote. Ungekuwa ushahidi mzuri kwenye mfumo wa petroli, ambako pampu ya umeme iliyo tangini huyasukuma mafuta kwa presha na ufa mdogo hurusha mafuta nje. Kwenye dizeli ya aina hii haumaanishi kwamba kila kitu ni salama.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha bure. Nilimwomba mzee asiguse ufunguo asubuhi mpaka nifike. Pampu ya mkono, ambayo ilipaswa kuwa ngumu kama alivyoiacha, ilibonyea kwa ulaini bila upinzani, na ilihitaji kubonyezwa mara nyingi kabla ya kuanza kukaza. Ilipokuwa ngumu kabisa, gari liliwaka kwa mguso wa kwanza wa stata. Hapo hapakuwa na haja tena ya kuzungumzia pampu kubwa wala nozeli, kwa sababu vitu hivyo vilifanya kazi vizuri mara tu vilipopewa mafuta.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta hewa inaingilia wapi, maana kati ya tangi na pampu kuna maungio kadhaa na kila moja linaweza kuwa na kosa. Njia ninayoiamini ni kipande cha mpira mwangavu unaostahimili dizeli. Uliwekwa kwanza kwenye bomba linaloingia kwenye filta kutoka tangini: mafuta yalipita safi, bila kiputo. Ulipohamishiwa kwenye bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, viputo vidogo vilionekana vikipita mfululizo injini ikinguruma bila kukanyagwa. Hewa, kwa hiyo, ilikuwa ikiingilia kwenye filta yenyewe, kati ya kichwa chake na kitako. Bomba lote refu lililo chini ya gari, ambalo fundi mmoja alitaka kulibadilisha, likatolewa kwenye orodha ya washukiwa bila kuguswa hata klipu moja.

Kupata mahali hasa ilibidi hali igeuzwe, yaani palipokuwa panavuta pasukume. Injini ikiwa imezimwa, nilifuta filta ikakauka, nikaizungushia karatasi laini ya chooni sehemu mbili, moja kwenye ringi ya juu na nyingine kwenye shingo ya sensa ya maji, kisha pampu ya mkono ikabonyezwa kwa nguvu ikiwa tayari ni ngumu. Karatasi ya juu ilibaki nyeupe. Ya chini ilianza kuonyesha doa la unyevu upande mmoja, likatambaa polepole kuizunguka sensa. Presha ya mkono ilikuwa imeyasukuma mafuta nje kupitia mwanya uleule ambao siku zote ulikuwa ukivuta hewa ndani.

Sensa ilipofunguliwa ilikuja na ringi yake ya zamani ya mpira. Ringi nzima huwa na mwili wa duara. Hii ilikuwa imelala na kuwa bapa pande zote mbili, imekuwa ngumu kiasi kwamba ukucha haukuingia, na ilikuwa na kijiufa kilichokatisha upana wake. Kwenye plastiki ya sensa palikuwa na alama za meno ya praizi. Mzee alieleza kwamba baada ya asubuhi ya pili alidhani hakukaza vya kutosha, akaongeza nguvu kwa praizi. Plastiki haikupasuka, jambo ambalo ni la bahati, kwani nyuzi za sensa hizi hupasuka kirahisi na sensa ni ghali kuliko filta. Lakini ringi iliyokufa haifufuliwi kwa kukazwa, huzidi tu kubonyea.

Nilimuuliza kama boksi la filta mpya bado lipo. Alilitoa stoo. Ndani yake, kwenye kijifuko cha plastiki ambacho hakijafunguliwa, ilikuwamo ringi ndogo mpya.

"Fundi, hiyo si ya akiba?" aliuliza.

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Boksi halikuwa na maelekezo yoyote zaidi ya namba ya filta, na mtu aliyezoea kununua vipuri vinavyokuja na skrubu za ziada ana haki ya kudhani hivyo. Muuzaji naye, aliyempa mteja filta juu ya kaunta, hakuona haja ya kutamka neno moja kuhusu kijifuko hicho. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kasoro kubwa zaidi kuliko kwa mzee, aliyefanya mengine yote kwa uangalifu.

Ukarabati ulikuwa mfupi. Ringi ya zamani ilitolewa, mfereji wake ukafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ringi mpya ikapakwa dizeli safi na kuvalishwa bila kupindwa, sensa ikakazwa kwa vidole tu, waya ukarudishwa, na pampu ya mkono ikabonyezwa mpaka ikagoma. Injini iliachwa ingurume kwa dakika kadhaa huku tukiutazama mpira mwangavu. Viputo vilipungua kisha vikaisha. Mpira huo uliondolewa, namba ya hitilafu ikafutwa, na gari likaachwa lilale mahali tambarare, tangi likiwa na mafuta kidogo, ili lipimwe katika hali iliyokuwa ikilisumbua. Asubuhi, pamoja na baridi, liliwaka mara moja.

Kuna mambo mawili katika kisa hiki ambayo hayakusababisha tatizo la kuwaka lakini yalinitia wasiwasi zaidi. La kwanza ni namna filta mpya ilivyojazwa. Mzee alimimina dizeli ya dumu kupitia tundu la katikati. Katika filta za kufunga kwa kuzungusha kama hii, matundu madogo ya pembeni ndiyo ya kuingizia mafuta machafu, na tundu la katikati ndilo la kutolea mafuta yaliyokwisha kuchujwa. Mafuta yanayomiminwa katikati huenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli bila kupita kwenye karatasi. Nafasi kati ya sehemu zinazosuguana ndani ya nozeli za komoni reli ni mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na kwa hiyo uchafu usioonekana kwa macho unatosha kuzikwaruza. Kilichomo ndani ya dumu lile tulikwisha kukiona kwenye chupa. Sikukuta dalili ya madhara, lakini madhara ya namna hiyo huchelewa kujitokeza, na seti ya nozeli nne ni mamilioni ya shilingi. Gari lenye pampu ya mkono halina haja ya kujaziwa filta kabla. Hufungwa ikiwa tupu na kupampiwa, inachukua muda zaidi na mkono unachoka, basi.

La pili ni pendekezo la mmoja wa mafundi wale kwamba, ili kutoa upepo, nati za mabomba ya nozeli zilegezwe huku stata ikipigwa. Hiyo ilikuwa njia halali kwa injini za zamani kama 2L na 3L, na vijana wengi walijifunza kazi kwa kuiona ikifanyika. Kwenye komoni reli haifai kabisa. Presha ya reli hupita baa 1,000 injini inapobeba mzigo, na mchirizi mwembamba wa mafuta kwa presha ya namna hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini ukiacha kitundu kidogo tu, jeraha ambalo juu halionekani kuwa kubwa ilhali linahitaji upasuaji wa haraka. Upepo katika mfumo huu hutolewa upande wa presha ndogo, kwa pampu ya mkono.

Inabaki asili ya maji. Kauli ya kwanza ya kila aliyeiona chupa ilikuwa kwamba mafuta yamechakachuliwa kituoni. Dhana hiyo ina historia yake: uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulikithiri nchini kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini mafuta ya taa hayaleti maji wala kutu, na jibu lilikuwa uani. Mapipa yalisimama wima nje, vizibo vikiwa juu, na mvua ilikuwa imeacha dimbwi dogo ndani ya ukingo wa kila kifuniko. Mchana jua hulipasha pipa joto na hewa iliyomo ndani hutanuka na kutoka kupitia nyuzi za kizibo. Usiku hewa hiyo hunywea na pipa huvuta kutoka nje, na kilichopo nje kwenye kizibo ni maji. Kifuniko kinaweza kuonekana kimekazwa vizuri na bado kikanywa maji namna hiyo msimu mzima.

Mapipa yamelazwa ubavu chini ya banda, vizibo viwili vya kila pipa vikiwa kwenye mstari mmoja wa usawa ili vyote vifunikwe na mafuta kwa ndani, na mafuta hayachotwi tena kutoka chini kabisa ya pipa. Tangi la gari lilishushwa likasafishwa, kwa kuwa utando mweusi uliobaki humo ungeiziba filta mpya kabla ya wakati wake. Hata baada ya usafi huo nilimshauri mzee afungue koki ya maji kila wiki kwa muda, akikinga kwa chupa ileile, na aibadilishe filta hii baada ya kilomita 5,000 badala ya kungoja 20,000, safari hiyo akiikata ya zamani na kuitazama karatasi yake kabla ya kuamua ratiba ya kudumu.